Kalamu Kwenye Kipande cha Mgomba

Matema,
9 Machi 2025

Kaka yangu Hezroni,

Ugonile! Huku tumeamka salama, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua zianze, na ile fimbo uliyomletea amegoma kabisa kuitumia, anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka sabini na minne, mwambie wewe labda atakusikia. Mpunga wetu wa Ngana umesimama vizuri, mto mwaka huu haujatoka kwenye njia yake. Wifi Queen na watoto wasalimie sana.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga. Simu ikilia mama huwahi yeye, huweka sauti kubwa, na mambo ya kompyuta humpa wasiwasi, anadhani kila kinachosumbua kitalipuka. Halafu wewe na mimi tumezoea barua tangu ulipokuwa bweni. Kwa barua nasema vizuri zaidi.

Kifurushi nimekichukua stendi ya Kyela, hakina hata mkwaruzo. Kibao cha kuchorea ni kizuri mno, kaka, ndaga fijo, ahsante sana. Kompyuta nimeiwasha, hiyo Linux uliyoniwekea imeniomba neno la siri, nikaingia. Sasa sikia mkasa wangu. Nimechomeka skrini mbili kama ulivyonielekeza, moja ya kuweka picha ya mfano, nyingine ya kuchorea. Nikigusa kibao kwa kalamu, kishale kinazurura kwenye skrini zote mbili kama mbuzi aliyekata kamba. Nikichora duara linatoka yai. Jana nimechora samaki mbasa, akatoka mrefu kama mkunga. Mama alichungulia akauliza ni nyoka gani huyo.

Na kazi yenyewe siyo mchezo. Ni kile kitabu cha samaki wa ziwa letu, michoro thelathini na miwili, mwisho wa Septemba iwe imefika kwa mchapishaji Iringa. Mhariri, dada mmoja anaitwa Tereza, anataka kila gamba lihesabike. Zamani nilikuwa nachora kwa wino, wao sasa wanataka kwa kompyuta. Nielekeze nifanyeje.

Kuna na jambo jingine dogo kwenye mistari. Nitakwambia nikishaliona vizuri.

Mdogo wako,
Angetile


Dodoma,
27 Machi 2025

Mdogo wangu Angetile,

Nimefurahi kusikia mko salama. Huku wote wazima. Kijana wetu Theophil amezoea kidato cha kwanza, ila anakula kama watu watatu. Queen anakusalimu. Samahani barua nimeichapa, nimeiandika ofisini na printa ilikuwa jirani.

Mwambie mama fimbo siyo ya wazee, ni ya watu wenye goti bovu.

Tatizo lako la duara halina shida. Kompyuta inazihesabu skrini zako mbili kuwa skrini moja pana, kwa hiyo inauvuta mchoro uenee kote. Inabidi uifungie kalamu kwenye skrini moja. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika: xinput list. Italeta orodha ya vifaa. Tafuta kalamu, soma namba yake, tuseme ni 11. Kisha andika: xinput map-to-output 11 HDMI-1. Hilo la mwisho ni jina la skrini ya kuchorea. Usiruke nafasi na usikosee herufi kubwa. Hapohapo duara litarudi kuwa duara. Kwa kuwa ukizima kompyuta itasahau, ndani ya bahasha nimeweka flashi yenye faili dogo litakaloifanya kazi hiyo kila ukiwasha. Linakili, ulibonyeze mara mbili, basi.

Mgandamizo wa kalamu niliuacha mlaini. Ukiona mstari unanenepa upesi, uongeze ugumu kidogo kwenye setingi.

Hilo jambo jingine kwenye mistari ni lipi? Usisubiri kuliona vizuri. Niandikie.

Kaka yako,
Hezroni


Matema,
20 Aprili 2025, Pasaka

Kaka Hezroni,

Kristo amefufuka! Tumerudi kanisani sasa hivi, kwaya ya kina mama imeimba mpaka bati likatikisika, na mama alisimama muda wote na goti lake hilohilo. Mchana tutakula wali na samaki magege. Nafasi yako mezani ipo kama kawaida, maana mama anaiweka hata tukimkataza.

Kishale kimetulia. Amri yako nimeiandika mara nne kabla haijakubali, nilikuwa naruka nafasi kama ulivyonionya, lakini sasa mbasa ni mbasa. Ahsante, kaka.

Sasa hilo jingine. Nimelianza mara tatu na kuchana karatasi.

Mstari wangu unatetemeka. Nikiuvuta haraka unatoka sawa. Nikiuvuta polepole, kama ninavyochora ukingo wa pezi, unatoka na meno madogo madogo, kama msumeno. Nikikuza picha nayaona yote. Nilidhani ni uso wa kibao, nikaupangusa. Nilidhani ni ncha ya kalamu, nikaibadilisha. Nilidhani ni meza, nikaweka kibao sakafuni na kulala kifudifudi kama mtoto wa chekechea. Meno yapo.

Usiniulize kama nimejaribu kwenye karatasi. Nimejaribu, kwa penseli, na mkono ulitetemeka. Lakini nilikuwa nautazama utetemeke, na nadhani mkono wa mtu yeyote ukitazamwa hivyo utatetemeka. Sijui. Kweli sijui.

Kaka, mimi nina miaka arobaini na moja. Baba alikuwa na arobaini na minne pale watoto wa darasa la tano Ngana walipoanza kucheka mwandiko wake ubaoni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanacheka, nilikuwa dawati la pili. Na bibi naye, mama yake baba, wanasema alimwaga uji kabla hajawa mzee. Nimehesabu hii miaka tangu Machi kila nikishika kalamu.

Mama hajui. Aliyemlisha baba kwa kijiko miaka kumi na moja, nikamwambie nini? Ndiyo maana naomba usipige simu kuhusu hili hata kidogo.

Niambie ni setingi. Nitakuamini.

Angetile


Dodoma,
30 Mei 2025

Angetile,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi. Sote wazima. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza.

Mstari kutetemeka kuna sababu nyingi. Ncha iliyokwisha. Waya wa USB uliolegea. Draiva. Nimekuwekea ncha tano mpya na waya mwingine, mfupi kuliko ule wa kwanza. Badilisha vyote.

Baada ya hapo fanya jaribio hili. Lifanye siku hiyohiyo utakayopata barua.

Kata kipande cha mgomba, urefu wa kiganja. Kisawazishe chini kisimame chenyewe juu ya kibao. Toboa katikati, penyeza kalamu mpaka ncha iguse kibao, halafu ondoa mikono. Mgomba ni mlaini na mzito, utaishika kalamu isicheze. Usiguse meza. Kwenye dirisha jeusi andika: sudo libinput debug-tablet. Itaanza kuonyesha namba, moja ya upande na moja ya juu, ndiyo mahali kalamu ilipo. Zitazame dakika tano.

Namba zikirukaruka wakati hakuna mtu aliyeshika kalamu, kosa ni la vifaa. Zikitulia, basi vifaa ni vizima. Zikitulia usiamini mara ya kwanza, rudia mara tatu. Mimi nilirudia.

Fanya, kisha uniandikie ulichoona.

Hezroni


Matema,
6 Julai 2025

Kaka,

Mugonile huko kwenu. Huku mwera umeanza kuvuma, ziwa limechafuka na usipa, dagaa wetu, wameadimika. Kakao imekauka vizuri kabla ya upepo. Mama anauliza kwa nini mwezi mzima ukipigiwa simu anapokea wifi. Anasema ukipokea wewe sauti yako imekuwa ya chini, kama mtu anayeongea na ukuta. Mimi nimemjibu kazi nyingi, kwa kuwa ndivyo ulivyoandika.

Wiki tano, Hezroni. Nimekuandikia jambo ambalo sijamwambia hata Mungu kwa sauti, ukakaa wiki tano, ukaniletea ncha na waya. Kuhusu baba hukuandika hata neno. Kuhusu dawati la pili hukuandika neno. Barua nzima imechapwa kama notisi ya kijiji. Hata jina lako chini umelichapa. Tangu lini wewe ukachapa jina lako? Wewe uliyekuwa unachora mkia wa herufi mpaka unamaliza mstari?

Jaribio sijalifanya. Ndiyo, nimesema. Mgomba nilikata siku hiyohiyo, nikaukalisha juu ya kibao, nikaandika hiyo amri yako, kidole kikawa juu ya kitufe cha kuingiza, nikashindwa. Nikizima kompyuta naweza kuendelea kusema labda ni waya. Nikibonyeza sitaweza tena. Kile kipande kimeozea kwenye kona, inzi wameanza, mama ananiuliza nimefuga nini.

Nikatafuta njia ya uoga. Kwenye programu ya kuchorea kuna kile kitu cha kutuliza mstari. Nikakiweka juu kabisa. Sasa nikivuta kalamu, mstari unanifuata nyuma kama ng'ombe mvivu na unatoka laini, hauna jino hata moja. Nilifurahi, sikufichi. Nikamaliza samaki wanane kwa siku kumi, nikamtumia Tereza.

Amewarudisha wote wanane. Hakunisema vibaya. Ameandika kwamba mapezi yote yanafanana, yamekunjwa kama waya, na kwamba alinichagua mimi kwa sababu ya michoro yangu ya wino, pale samaki alipoonekana ametoka majini muda huohuo. Ameuliza kama ninaumwa.

Sijamjibu. Na wewe ulisema ulirudia. Ulirudia nini?

Angetile


Dodoma,
25 Julai 2025

Angetile,

Mama mwambie ni mafua.

Umeniuliza kuhusu baba. Haya. Nilikuwa na miaka kumi na nane, niko likizo. Chama cha ushirika kilimtaka asaini karatasi za kakao mbele ya watu. Aliniita nikae kulia kwake, akaninong'oneza nimshike kifundo cha mkono wa kulia kwa nguvu, kama ninayemshikia karatasi, nisiachie mpaka amalize. Nikamshika. Nilihisi mfupa unavyopiga ndani ya mkono wangu, kama kuku uliyemkamata anayetaka kutoka. Akasaini. Wazee wakapiga makofi. Njiani akaniambia mama asijue, na mimi sikusema. Ilichukua miaka mitatu mama kujua, na alipompeleka hospitali kubwa daktari aliuliza walikuwa wapi siku zote hizo.

Hilo ndilo ninalolijua kuhusu kuficha. Sitaki ukae na mgomba uliooza kwenye kona.

Kata mwingine. Bonyeza hicho kitufe. Nakuomba kama kaka yako na kama mtu aliyemshika baba mkono. Ukiogopa kuandika maelezo, niandikie neno moja tu, zimeruka au zimetulia. Nitaelewa.

Hezroni


Matema,
10 Agosti 2025

Kaka!

Zimeruka! Zimeruka, zimeruka, zimeruka! Nimeandika neno moja kama ulivyotaka, sasa acha nikupe mengine.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama hapo stendi, na ile habari ya ushirika ilinikalisha chini. Nimefika nyumbani nikakata mgomba bila hata kuvua kanga ya safari. Nikausimamisha, nikapenyeza kalamu. Wakati natafuta nguvu ya kubonyeza, mama akaingia. Akatazama kile kipande kimesimama juu ya kibao na kalamu imechomoza, akauliza, "Gwe Angetile, hii ni dawa gani unafanya?"

Nikamwambia. Sikupanga, kaka. Nilifungua mdomo niseme uongo, yakatoka yote, mstari, meno, baba, miaka arobaini na moja. Mama hakulia. Alivuta kigoda, akakaa, akasema, "Bonyeza tuone wote."

Nikabonyeza. Namba zikaanza kumwagika, na zilikuwa haziachi kucheza, mia tatu na mbili, mia tatu na tano, mia tatu, mia tatu na nne. Mikono yangu ilikuwa kifuani. Mama akasema, "Nani anaitingisha?" Nikamwambia hakuna, mama, hakuna! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Nsajigwa akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Sasa sikiliza aliyepata jibu. Mimi niko hapo nalia na kucheka, mama anatazama chini ya meza. Akasema, "Ni hilo dude lenu la sola. Redio yangu nikiiweka karibu nalo inakoroma, sisikii hata mahubiri." Alimaanisha inveta, kaka, ile mashine ya kubadili umeme wa sola. Nsajigwa akasema hata yeye aliwahi kuona taa zinatetemeka kwa inveta ya aina hiyo, umeme wake ni mchafu. Akapakia kompyuta kwenye bajaji yake, tukaipeleka ofisi ya kanisa ambako kuna umeme wa nguzo. Mgomba juu ya kibao tena, mzee wa kanisa anatukodolea macho. Namba zikasimama kama zimepigiliwa misumari. Nikatoa mgomba, nikashika kalamu mwenyewe, nikachora pezi la mgongo la mbasa polepole, polepole kabisa. Hakuna jino. Mchungaji amenipa chumba cha nyuma nifanyie kazi mpaka nimalize.

Hapo nina jambo la kutubu. Mwaka jana nilikwambia umeme umefika. Ulifika barabarani, nyumbani kwetu haujafika mpaka leo. Nilijua nikikwambia utaanza kuhangaika na kupiga simu ofisi za watu, na wewe una familia. Nikanyamaza. Kumbe ningesema tu natumia sola, ungejua tangu Aprili, sivyo? Miezi minne nimeuzika mkono wangu ukiwa hai. Nisamehe kwa kukusumbua na wewe.

Lakini, Hezroni. Nikiwa kwenye bajaji narudi, furaha ikaanza kupoa. Nilijiuliza ulijuaje kwamba mgomba unaishika kalamu isicheze, na kwamba mtu asiamini mara ya kwanza. Nikamuuliza mama nini kinamsumbua kuhusu wewe, akasema, "Mwambie aniandikie barua kwa mkono wake."

Basi nakwambia. Tuandikie kwa mkono.

Angetile


Dodoma,
2 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Hii nimeandika kwa mkono. Imenichukua asubuhi nzima. Mtanisamehe mistari inavyopanda na kushuka.

Nimefurahi kuhusu mkono wako. Nataka uamini hilo kabla hujasoma mengine. Nilipofika kwenye neno zimeruka nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye jua, na mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Kile kibao kilikuwa changu. Nilikinunua mwaka jana nichoree ramani za nyaya za ofisi. Mstari wangu ulikuwa unatetemeka. Jirani yangu wa huku ana migomba mitatu anayoimwagilia maji ya kufulia, nikamwomba kipande. Namba zilitulia. Nikarudia. Zikatulia. Nikarudia mara ya tatu. Nikashika kalamu mimi, zikaruka. Umeme wa huku kwangu ni wa nguzo, hauna shida.

Nikakifunga kwenye boksi nikakuletea wewe. Nilitaka kitumiwe na mkono mzima.

Sasa elewa zile wiki tano. Ulipoandika Pasaka kwamba mstari wako una meno, mimi nilikuwa najua kibao ni kizima. Nilikuwa nimekipima mwenyewe mara tatu. Na nilijua nyumbani kuna umeme wa nguzo, uliniambia. Kwa hiyo nilijua ni mkono wako. Nilikaa na barua yako mfukoni mpaka ikachakaa. Sikuweza kukwambia ni setingi, wala sikuweza kukwambia ni kama mimi. Nikakuletea ncha, kwa kuwa ncha ndizo nilizokuwa nazo.

Queen anajua tangu Juni, aliona wembe unavyocheza nikinyoa ndevu. Watoto hawajui. Kazini hawajui. Hospitali sijaenda. Nimefika getini mara mbili.

Nina miaka arobaini na sita. Naogopa, Angetile. Usimwambie mama. Mwambie mwandiko umeharibika kwa kukaa na kompyuta.

Kaka yako,
Hezroni


Matema,
14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa,

Sisalimii sana leo, utaona sababu.

Barua yako mama aliipokea kabla yangu, Nsajigwa alimpa mkononi. Nimerudi kutoka ofisi ya kanisa nimemkuta amekaa nayo uani. Macho yake hayasomi tena herufi za wino, wewe unajua, lakini bahasha alikuwa ameifungua, na kidole chake kilikuwa kinafuata mistari yako, mmoja mmoja, kinapanda na kushuka. Hakuniomba nimsomee. Aliniambia, "Huu mwandiko naufahamu. Niliishi nao."

Baadaye nikamsomea yote. Ulinikataza, nikakukatalia. Nilipofika pale uliposema getini mara mbili ndipo alipolia, na alilia kwa hasira. Alisema baba yetu alimficha miaka mitatu ili asimtie hofu, na hofu aliipata vilevile, imeongezewa miaka mitatu. Alisema daktari wa wakati ule alimwambia ukiwahi kuna dawa zinazomfanya mtu ashike kijiko chake mwenyewe miaka mingi, na kwamba ameyabeba hayo maneno bila kuwa na wa kumpa.

Mimi nilitaka nikupigie simu hapohapo. Akaninyang'anya simu. Alisema ukisikia utamkataza, utasema uko sawa, utasema asubiri mwisho wa mwezi.

Michoro nimebakiza mitano. Tereza ameipenda, ameuliza nilikuwa nimekwenda wapi. Nikimaliza nakuja na mimi. Naogopa pia, kaka, sitakudanganya. Mkono wangu wa leo siyo ahadi ya mkono wangu wa kesho, na kila nikikaa kuchora nautazama kabla sijaanza. Lakini sitautazama peke yangu na wewe hutautazama peke yako, nimechoka na kuandikiana kuhusu waya.

Asajile wa mama mdogo anarudi Dodoma kwa basi la kesho alfajiri, na yuko na mtu. Barua hii haikuja kwa kifurushi cha basi. Anayekupa ni mama mwenyewe, amesimama mlangoni kwako na goti lake, na ameniapia hataondoka mpaka muingie pamoja kwenye lile geti. Toa mkono mfukoni umpokee.

Angetile